Wimbo wa Kumlaza Tabu

Hivi wewe ungekubali kutoa wimbo gani wa nyumbani kwako? Wimbo ukishaimbwa mpaka mwisho kwenye tamasha la kila mwaka huwa wa taifa, na ukiuimba tena nyumbani, bangili ya serikali tunayovishwa sote mkononi inakuzima sauti siku saba.

Mjukuu wangu Semeni alipanda jukwaani amevaa gauni la kitenge nililolipiga pasi mara mbili, akaanza wimbo ninaomlazia mwanawe, Tabu. Bila huo Tabu halali. Mgongoni mwangu Tabu akainua kichwa.

"Bibi, cheka basi, tunaonekana nchi nzima!" jirani akanitania.

Miezi miwili ya mazoezi nilinyamaza nisimvunje moyo. Sasa ukabaki ubeti mmoja. Nikapanda juu ya kiti.

"Semeni, mwanangu, usiumalize! Huo tuachie sisi."