Sekunde Sita za Yanaki

"Hii si kazi, huu ni uchafu," Yanaki alisema, akahakikisha Stoyanka, mwenye kazi hiyo, amemsikia.

Walikuwa wakitengeneza injini ya hifadhidata, programu ya kutunza na kutafuta taarifa, katika ofisi moja ya Plovdiv, Bulgaria. Injini huoanisha majedwali: abiria huku, tiketi kule, nani kakata ipi. Njia ya Stoyanka iliyapanga majedwali yote mawili kwa namba, kisha ikayapitia sambamba. Yanaki aliiita njia ya bibi anayechambua mchele. Na kweli, siku hizi uoanishaji mmoja ulichukua dakika arobaini, na mteja wao, shirika la mabasi, alikuwa akitishia kuhama.

Basi Yanaki akaandika njia yake, ya kugawa safu, yaani mistari ya majedwali, kwenye vikapu. Jumatatu asubuhi akaipachika kando ya ile ya zamani, maana injini huchagua yenyewe njia ya kutumia kwa kuangalia idadi ya safu iliyopewa. Siku hiyo Stoyanka alishinda akihesabu upya safu za majedwali. Idadi iliyokuwemo ilikuwa ya mwaka juzi, na tiketi zilikuwa zimeongezeka mara tano, hivyo injini ilikuwa ikiitengea njia yake nafasi finyu mno ya kupangia.

"Wengine tunajenga, wengine wanafagia," Yanaki alisema. Wenzake wakacheka.

Jumanne uoanishaji ulichukua sekunde sita.

Lo, kichwa kilimvimba! Hata salamu za watu akawa hazipokei. Alimwendea Genov, mkuu wao, akadai njia iliyoshindwa ifutwe Ijumaa, na aliyeiandika ahamishiwe chumba cha kupokea simu za wateja wenye hasira. Genov alisita. Mama wa watu alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu. Yanaki akasema huruma ndiyo inayoua ofisi, akashikilia mpaka sharti likaandikwa kwa maneno hayohayo, na wote watatu wakatia sahihi.

"Bi Stoyanka, huna neno?" Genov aliuliza Ijumaa, sauti imemnywea.

Stoyanka alikuwa akimalizia kipande cha banitsa, mkate wa jibini. Alijifuta mafuta vidoleni bila haraka.

"Sina. Ila kabla hujafuta, iulize injini imetumia njia ya nani."

"Muulizie, mkuu," Yanaki alisema, akivuta kiti akae vizuri. "Tumpe bibi zawadi ya kuagana."

Ofisi nzima ikasogea. Genov akaandika swali, na rekodi ya wiki ikafunguka kwenye skrini ya ukutani, herufi kubwa kila mtu asome.

Njia ya Stoyanka: mara mia mbili na kumi na nne. Njia ya Yanaki: mara sifuri.