Mguu wa Mzee

Mzee alivuta shuka akaufunika mguu kabla daktari hajaugusa.

"Umeshauona," alisema. "Haujabadilika."

Ulikuwa umebadilika. Jana daktari alichora mstari kwa kalamu pale wekundu ulipoishia, juu kidogo ya kifundo. Leo wekundu ulikuwa umeuvuka mstari ule kama mgeni asiyepiga hodi, na harufu ilimpokea mtu angali mlangoni. Kidole gumba kilikuwa cheusi tii. Yote yalianza na lengelenge la kiatu kipya. Kisukari kikamalizia kazi.

"Sumu inapanda, Mzee. Tukikata leo, goti tunaliokoa. Tukingoja, sijui tutaokoa nini."

"Mguu wangu haukatwi. Nimeona mibaya kuliko huu ikipona."

Hilo lilikuwa kweli.

Daktari alikuwa binti wa mwaka wa tatu katika kusomea ubingwa wa mifupa. Watu huwatania madaktari wa mifupa kwamba ni maseremala waliovaa makoti meupe, na katika useremala huo yeye bado alikuwa mshika mbao. Wenzake walikata, walitoboa, walikaza skrubu. Yeye alishika mguu usitikisike, akaosha vidonda, akafunga plasta mpaka kope zikaota chokaa. Kushika alikujua. Kumbembeleza mtu aliyekuwa akifa huku anabisha, hapana.

Mke wa Mzee aliketi kando ya kitanda, akikunja taulo na kulikunjua.

"Usichoke, mwanangu," alisema. "Huyu amezoea kusema, hajazoea kuambiwa. Mimi nimenyoosha mikono."

"Na wewe umeungana nao," Mzee alisema.

"Nimeungana na yeyote atakayekurudisha nyumbani. Ukirudi na mguu mmoja, mlango ni ule ule."

Mzee akageukia ukuta. Jasho la homa lilikuwa limelowesha mto.

Daktari alitoka. Nje, kwenye korido, daktari bingwa alikuwa akimngoja, ameegemea ukuta kama mtu aliyetumwa kununua kitu akasahau nini.

"Mzee amesemaje?"

"Amekataa. Daktari, ingia wewe. Mimi ni nani anisikilize?"

"Niliingia asubuhi. Nilisimama pale nikamuuliza kama amelala vizuri, nikatoka." Bingwa alitazama viatu vyake. "Akinikazia macho maneno yananikauka. Rudi. Wewe angalau anakujibu."

"Na akiendelea kukataa?"

"Ana akili zake timamu. Akikataa, hatuna la kufanya ila kumtazama."

Daktari alirudi. Sista wa wodi alikuwa amebadilisha chupa ya dripu na sasa alijifanya anapanga dawa kwenye toroli, dawa ambazo zilikwisha kupangwa. Wodi nzima ilikuwa ikitembea kwa kunyata. Hata wagonjwa wa vitanda vya ng'ambo, wenye miguu iliyoning'inizwa kwa kamba na mawe, walikuwa wamepunguza redio.

Daktari maneno yalikuwa yamemwishia, na machozi yalikuwa karibu kuliko maneno. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaingiza mkono chini ya shuka, akaukalisha ule mguu kwenye kiganja, kisigino ndani, kidole gumba cha mkono wake kikitulia juu ya unyayo. Ulikuwa wa baridi. Akakaa nao hivyo.

Mzee aliendelea kutazama ukuta. Baada ya kitambo mkewe akaacha kukunja taulo.

"Hivi huhisi kwamba ameushika?" aliuliza polepole.

Mzee aligeuka. Alitazama umbo la mkono chini ya shuka, akamtazama daktari, kisha akautazama tena ule mkono.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokaa, Mzee."

Kidevu cha Mzee kilianza kutetemeka, akakishika kwa vidole kana kwamba ni cha mtu mwingine. Mkewe alimfuta jasho, na jasho lenyewe lilikuwa limechanganyika na kingine.

"Nani atashika msumeno?" Mzee aliuliza hatimaye.

"Bingwa."

"Yule ana pupa. Kata wewe."

"Mzee, sijawahi. Mimi hushika tu."

"Najua."

"Siwezi."

"Na mimi siwezi," Mzee alisema. "Lakini mmoja wetu itabidi aweze."

Basi wakamtayarisha. Daktari alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maji yakimtiririka viwikoni. Alitamani simu iite, umeme ukatike, mtu yeyote aje aseme kuna njia nyingine. Bingwa alinawa kwenye bomba la pembeni. Safari hii yeye ndiye atakayeshika.

Milango ya chumba cha upasuaji ikasukumwa wazi, kitanda cha magurudumu kikaingia. Bingwa, mtaalamu wa usingizi, nesi wa vyombo, wote waliacha walichokuwa wakikifanya wakasimama wima, kama walivyofanya kila asubuhi alipokuja kuwafundisha. Ila leo profesa wao aliingia akiwa amelala chali.