Bei ya Kutupa

Cécile Thibodeau alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba, akimzika Mtakatifu Yosefu kichwa chini, miguu juu, uso ukitazama barabarani.

"Mfukie vizuri," mumewe, Armand, alimwambia akiwa barazani. "Asije akasikia bei akatoroka."

"Cheka tu. Mama yangu aliuza nyumba kwa wiki mbili kwa sanamu kama hii. Tena huyu ni mtakatifu wa wafanyakazi. Nimemwomba yote mawili kwa mpigo, nyumba iuzike na wewe kazi ikunyookee."

"Kazi nimeshapata. Usimchoshe mzee wa watu."

Kweli alikuwa ameshapata, ila North Carolina, mwendo wa siku mbili kwa gari. Kampuni moja ya nguo ilimtaka awe msimamizi wa mashine. Ilikuwa lazima aripoti tarehe tatu Mei, la sivyo nafasi angepewa mwingine. Baada ya miezi kumi na tisa ya kukaa bure, akiba ilikuwa imekwisha hadi senti ya mwisho. Bila kuuza nyumba hawakuwa na nauli wala kodi ya kuanzia maisha huko.

Na nyumba haikuuzika. Walishusha bei mara nne, na kila waliposhusha, jirani alishusha zaidi. Mji wao mzima wa Woonsocket ulikuwa vibao vya "Inauzwa" tu.

Kilichomkera zaidi Armand ni gazeti la jimbo lao la asubuhi ile. "Ajira Zaongezeka Rhode Island." Alilikunja akapiga nalo meza.

"Zimeongezeka wapi? Chini ya kitanda? Mtaa mzima wanaume wanashinda wakiosha magari yasiyo na safari!"

Siku ya tatu baada ya mazishi ya mtakatifu, mnunuzi alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi, Bi. Pruitt, amejikunyata ndani ya koti zito ilhali watoto wa mtaa ule walikuwa wamevaa fulana. Alisema anawanunulia watu wengine. Jiko hakulitazama, wala sakafu ya mbao ambayo babu yake Armand aliipigilia kwa mikono yake aliposhuka kutoka Quebec. Aliuliza tu kuna vyumba vingapi, na kutoka hapo hadi kile kiwanda cha zamani cha kando ya mto ni mbali kiasi gani.

"Dakika kumi kwa miguu," Armand alisema. "Lakini pale siku hizi wanaishi njiwa, mama. Kikosi cha mwisho kufanya kazi pale ni cha baba yangu."

Bi. Pruitt aliandika kitu kwenye daftari lake, kisha akataja bei. Ilikuwa nusu ya ile waliyokuwa wakiomba.

"Nusu?" Armand alihisi damu ikimpanda kichwani. "Hiyo si bei, ni matusi."

"Ndivyo soko lilivyo, bwana. Nina nyingine mbili za kutazama mtaa wa nyuma."

Cécile alimbana mumewe mkono. Armand akakubali.

Lakini hasira haikumtoka. Jioni ileile alinunua kopo la rangi nyeupe, akateremka kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Huko, kila theluji ilipoyeyuka, maji yalipanda hadi kiunoni, na ukutani yaliacha mstari wa kahawia kuzunguka pande zote. Armand alianza kuufunika kwa rangi.

"Hiyo ni dhambi," Cécile alisema akiwa kwenye ngazi.

"Dhambi ni ile bei yake."

"Na huyo atakayekaa humu?"

"Ataogelea."

Wiki iliyofuata walitia saini kwa wakili. Kwenye fomu, palipoulizwa kama maji huingia chini ya nyumba, Armand aliandika "Haijawahi kutokea," mkono wake ukiwa imara kabisa. Kisha walipakia masanduku, Cécile akamfukua mtakatifu wake na kumpakata kama desturi inavyotaka, wakaondoka. Alilia mpaka walipovuka New Jersey. Armand hakulia, ila hakutazama kioo cha nyuma hata mara moja.

Tarehe tatu Mei, saa mbili kamili asubuhi, walikuwa mbele ya meneja. Bwana Tolliver alikuwa pande la mtu, mwenye kicheko cha kujaza chumba. Aliwamiminia chai ya barafu, tamu kama sharubati, akafunga mlango.

"Sasa ninaweza kusema. Nilifungwa mdomo mpaka juzi, maana habari ingevuja kule bei zingepanda. Tunafungua kiwanda kipya, na wewe ndiye msimamizi wake. Ajira mia mbili, bwana! Tumechagua mji ambao nyumba za wafanyakazi zinapatikana kwa bei ya kutupa."

"Mji gani?" Armand aliuliza.

"Wenu! Woonsocket! Nilijua mtafurahi."

Bilauri ya Cécile iligonga meza.

"Sisi... sisi tumeshauza nyumba yetu," Armand alisema.

"Wala usijali," meneja alisema, akimpigapiga begani. "Makao ni sehemu ya mshahara wako, mkataba wa miaka mitano. Bi. Pruitt wetu ametupatia jumba zuri ajabu, dakika kumi kutoka kiwandani. Ghorofa za juu zimeshachukuliwa na wahandisi. Ninyi wawili tumewatengea vyumba vya chini ya ardhi, na leo hii mafundi wanatandika zulia."