Shule ya Tatu

Siku video ilipofika Butiama, Consolata alimaliza ugali wake wote, akalala mchana kutwa. Shangazi yake, Nyangi, aliogopa kuliko kama angelia. Akampigia simu Musoma kaka yake Mugeta, baba wa Consolata.

Mugeta aliacha injini ya mtumbwi aliyokuwa akiifungua pale ufukweni Mwigobero, akanawa mafuta mikononi, akaondoka.

Ilikuwa shule ya tatu. Mambo yalianzia Musoma, kwenye mdahalo wa kidato cha pili. Consolata alisimama kuongea Kiingereza, maneno yakamkwama, akajikojolea mbele ya shule nzima. Mtu akarekodi. Zilikuwa sekunde kumi na moja tu, lakini kufikia jioni zilikuwa kwenye kila grupu, na watu wasiomjua wakawa wanamwuliza anaishi ili iweje.

Akaacha kula. Akaacha kuoga. Mugeta akamnyang'anya simu, akamhamishia Bunda. Video ikafika baada ya wiki tano. Akamleta Butiama kwa dada yake, akawaomba walimu wasiseme mtoto ametokea wapi. Safari hii ilifika siku ya nne.

Lazima kuna mtu anamfuata. Mugeta alishakwenda polisi. Alishawapigia magoti wazazi wa wanafunzi wa Musoma, nao waliapa kwamba watoto wao walishaisahau zamani.

Alimkuta binti yake uani, anachambua mchele. Kola ya shati ilikuwa imempwaya shingoni. Nyangi alimnong'oneza kaka yake kwamba mtoto hana neno, kazi zote anafanya, na simu anaazimaga ya shangazi yake kidogo tu, ya homework.

Mugeta akavuta kigoda, akakaa. Alimwambia Consolata kwamba kesho wataenda Kisorya, wavuke na kivuko mpaka Ukerewe. Ana rafiki huko, na shule iko mbali na barabara. Hakuna atakayemjua.

"Na huyu anayeituma, mwanangu, nitamtafuta mpaka nimpate."

Consolata alitoa jiwe kwenye ungo, akalitupa pembeni.

"Ni mimi, baba. Nikifika shule mpya nakaaga naingoja tu. Kila anayecheka, nadhani ameshaiona. Bora niitume mwenyewe, nisingoje tena." Aliendelea kuchambua, bila kuinua uso. "Huko Ukerewe nitaituma siku ya kwanza."