Mpini wa Mwiko

Tangu asubuhi Shekue yuko chini ya pikapu, anainua gia boksi, nayo inakataa kuingia. Hatibu, mwenye pikapu na mwenzake wa gereji kwa miaka ishirini, alikufa akiwa ameifungua. Jana mjane wake, Mwanaheri, katoka eda. Leo anahamia kwa kaka yake, na mizigo imeshafungwa.

"Shemeji, bado tu?"

"Sahani ya klachi haijakaa katikati. Kile kijiti cha Hatibu cha kuilengea sikipati."

"Kijiti! Si mpini wa mwiko wangu ule, aliouiba akauchonga?" Mwanaheri akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Mtaa mzima uliujua ugomvi ule. Hatibu alilala gereji siku tatu. "Waliponipa nguo zake, niliukuta mfukoni. Nikaurudisha jikoni."

Akaenda kufungua furushi la vyombo, akaja nao.

Shekue akauchomeka katikati ya sahani, akakaza bolti, akauchomoa na kumrudishia mwenyewe. Akaingia tena uvunguni, akainua. Safari hii gia boksi iliteleza ikaingia, kama vile haijapata kukataa.

Akatulia, akisubiri. Siku zote Hatibu, akichungulia kwa juu, aligonga boneti mara mbili kumwambia imekaa. Alipokumbuka, akafumba macho.

Ndipo boneti ikagongwa mara mbili, polepole, kwa mpini.

Shekue hakutoka uvunguni.