Kibandiko cha Kijani

Hakuna aingiaye Msitu wa Popo na sauti yake. Langoni kila mgeni hubandikwa kibandiko cha kijani shingoni, na sauti hufungika mpaka atakapotoka, popo wasije wakashtuka usingizini.

Basi Haroub, mkewe Bikombo na binti yao Nasra wakashinda humo kimya kutwa nzima. Bikombo aliteleza kwenye matope, akacheka bila sauti, na Haroub alipomshika mkono hakuuachia tena. Nasra akaning'inia katikati yao, akirukaruka. Tangu waje Pemba mapumzikoni, Haroub hakuwa amemwona mtoto na furaha namna ile.

Jioni, langoni, mhudumu aliwabandua wakubwa kwanza.

"Tazama mguu wa mtoto ulivyochubuka!" Haroub akaanza. "Si nilikwambia avae viatu?"

"Kwani wewe mikono huna?" Bikombo akamrukia.

Nasra alirudi nyuma, akaziba kibandiko chake kwa viganja viwili, akatikisa kichwa.

"Watoto hatuwabandui kwa nguvu," mhudumu alisema, bila hata kushangaa.

Haroub akatazama nje. Ndani ya basi lililowasubiri, wazazi wengine walikuwa wakigombana. Watoto wao walikaa kimya, wote wana kijani shingoni, na mmoja wao alikwisha kumsogezea Nasra nafasi.