Mbawa Zisilowe

Deyanira aliingia kwa mlango wa jikoni, miguu ingali na tope la mtoni, akamkuta shoga yake Saturia anampima mbawa mtoto aliye hai.

"Weee, Saturia!" Hata salamu aliisahau. "Umeingiwa na nini? Mbawa za malaika unampima huyu? Unataka kumwitia mauti na yeye?"

"Ni mapacha," Saturia alijibu, pini amezibana mdomoni. "Wanalingana."

Yadira alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, amejifunika blanketi mpaka kiunoni. Saturia alinyoosha uzi kutoka bega moja hadi jingine, akafunga fundo, akarudi kwenye karatasi zake nyeupe na sufuria ya gundi ya muhogo.

Sebuleni ngoma zilikuwa zimekolea. Kijiji kizima kilikuja kumsindikiza Nelfa, pacha wa Yadira, aliyekata roho alfajiri. Mtoto asiyetimiza miaka saba haombolezwi. Hana dhambi, safari yake ni moja kwa moja, kwa hiyo huimbiwa na kuchezewa kama bibi harusi. Sharti ni moja tu: asilie mtu. Machozi hulowesha mbawa, na malaika aliyelowa haruki.

Ndiyo maana walimtuma mtu kwa mtumbwi kumfuata Deyanira. Hakuna aliyejua nyimbo za njia ya mbinguni kama yeye.

"Deyanira!" mlevi mmoja alipaza sauti kutoka sebuleni. "Koo limekauka? Njoo, pombe ya miwa ipo!"

"Wewe ukishafika ipo kweli, au imebaki harufu?" alijibu, na watu wakacheka.

Lakini Yadira hakucheka. Midomo ilikuwa inamtetemeka.

"Tangu asubuhi anataka kulia huyu," Saturia alisema kwa sauti ya chini. "Mimi maneno yameniishia, shoga. Wewe ndiye unayejua habari za huko. Mwambie."

Deyanira alichuchumaa, akamshika mtoto mkono. Kiganja kilikuwa cha moto. Amekaa mno karibu na jiko, alifikiri.

"Unaogopa nini, mwanangu?"

"Nelfa hajawahi kulala peke yake."

"Hatalala peke yake," Saturia alidakia, bila kuinua macho.

"Bibi yenu yupo huko," Deyanira alisema. "Saa hizi amesimama bandarini na kanga kavu begani. Mtoto akishuka tu, anafutwa miguu, anabebwa."

"Kuna mto?"

"Upo, tena mkubwa kuliko wetu, lakini haufuriki. Na hakuna anayesimama ndani yake maji kiunoni kutwa nzima kuchekecha mchanga wa dhahabu. Maji ya huko ni ya kuogelea tu."

Yadira alifikiri kidogo. "Na samaki?"

"Samaki wa huko hawana miba. Unatia mdomoni, unameza."

"Na mbu?"

"Mbu!" Deyanira alijifanya amekasirika. "Nani amfungulie mbu mlango? Mtakatifu Petro anakaa na upepeo pale getini."

Sasa mtoto alitabasamu. Deyanira akapata nguvu, maana kumzuia mtoto asilie ni nusu ya kazi ya usiku wote. Akamweleza kashata za nazi zinazoota mitini, na jinsi Bikira Maria anavyosuka malaika nywele, mmoja mmoja, bila kuvuta.

"Hata hapa kwenye masikio?"

"Hata hapo. Unasinzia anaposuka."

"Kuna dawa chungu?"

"Ya nini? Huko hakuna anayeumwa."

Yadira akashusha pumzi. Aliegemea ukuta, macho yakawa mazito. Kashata aliyoletewa ilikuwa bado mkononi, nzima, imeanza kulainika.

Kijana mmoja akachungulia mlangoni, suruali imelowa mpaka magotini. Saturia alimtazama.

"Mtumbwi wa injini?"

"Bado, mama. Maji yamepungua, baba yao amekwama mchangani kule chini, njia ya zahanati. Si leo."

Saturia aliitikia kwa kichwa tu. Akachovya brashi kwenye gundi.

"Kwani mnasubiri nini tena?" Deyanira aliuliza. "Jeneza si nimeliona uani?"

Kijana aliinamisha kichwa, akaondoka. Saturia alipaka gundi ukingo wa karatasi, akaubana kwa vidole, akasubiri ushike. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Mwambie tena ile ya nywele," alisema.

Deyanira akarudia. Yadira alisikiliza amefumba macho.

"Shangazi," alinong'ona, "njia ni ndefu?"

"Ni fupi, mwanangu. Mtu anapita akiimbiwa."

"Basi si mbaya."

"Si mbaya hata kidogo."

Saturia aliinuka, akamfunika blanketi mpaka mabegani. "Haya, shoga, nenda ukaanze. Imba ile ya njia. Paza sauti, isikike mpaka huku jikoni."

Deyanira alinawa miguu kwenye beseni, akafunga kilemba upya, akaridhika na kazi yake. Aliposukuma pazia la sebuleni, ngoma zilipungua kumpisha. Wanawake wawili walikuwa wamemshika mama wa watoto, Ermelina, huku na huku, asije akalia. Ermelina hakuwa anamtazama marehemu. Macho yake yalipita begani kwa Deyanira, yakaganda kwenye mlango wa jikoni.

Deyanira alifungua kinywa aanze wimbo, akageukia kiti cha malaika. Nelfa alikuwa ameketishwa katikati ya maua, na mgongoni mbawa zake nyeupe, zilizokwisha kukauka, zilikuwa zimefungwa tayari.